Mimi Samehe Dhambi

Karatasi ninayo mpaka leo. Imechanwa kwenye daftari la shule, upande wa kushoto imebaki na meno meno, na swali la tano limejibiwa kwa maneno matatu, kwa mwandiko wa kujikaza: Mimi samehe dhambi. Swali lilikuwa, unapopokea Chakula cha Bwana unapata nini?

Mzee wa kanisa aliyekuwa anatusomea majibu alipofika hapo alivua miwani. "Jamani, huyu naye amekuwa Yesu? Anasamehe dhambi?" Baraza zima likacheka. Mimi ndiye katibu, nilikuwa naandika muhtasari, na nilicheka pia. Tulikuwa watu kumi na mmoja ndani ya ofisi ya mchungaji, umeme umekatika, feni imelala, na tulikuwa tunaamua kama binti kiziwi wa miaka 15 abarikiwe pamoja na wenzake wa kipaimara, ibada inayomfungulia kijana mkate na kikombe cha Chakula cha Bwana, au aachwe nyuma.

Naandika kisa hiki kwa sababu nimekwisha kuulizwa mara tatu na wazee wa sharika nyingine, "Nyie mlifanyaje?", na kila nikieleza kwa mdomo naruka sehemu zinazotuaibisha. Usharika wenyewe siutaji. Ni wa Kilutheri, mjini Tanga, inatosha. Binti naye simtaji kwa herufi. Viziwi huitana kwa alama, na alama yake ni kidole cha shahada kikigusa kishimo cha shavu la kushoto. Walimpa wenzake wa shuleni. Sisi tuliombatiza na kumwandika kitabuni tulikuja kulijua jina hilo akiwa tayari ananipita urefu.

Alikuwa anasikia hadi miaka minne. Ikaja homa ya uti wa mgongo, akalazwa wiki tatu, akarudi nyumbani anajifunza upya kutembea na masikio yamefunga. Homa hiyo inajulikana kwa kuharibu sikio la ndani, na likishaharibika hakuna dawa ya matone itakayolirudisha. Mama yake hakuna aliyemkalisha chini akamweleza hivyo. Waliomkalisha chini ni majirani, wakamwambia mtoto ametupiwa kitu. Hapa Tanga hata ukipoteza kandambili yupo atakayekuambia umetupiwa kitu. Basi akampeleka huku, akampeleka kule, na mtoto alipofika miaka saba akampeleka kwenye mkutano wa maombezi uliokuwa umepiga hema uwanjani.

Mhubiri alimshika kichwa, akaamuru pepo wa uziwi atoke, kisha akamwekea kipaza sauti mdomoni akamwambia sema Yesu. Mtoto bado alikuwa na mabaki ya maneno ya utotoni, na midomo ya watu alishaizoea kuitazama. Akatoa sauti. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Mama, ambaye anauza chai na maandazi pale soko la samaki Deep Sea, akatoa sadaka ya shukrani kwa pesa ya mtaji. Jumatatu asubuhi mtoto alikuwa amempa mgongo, anafua. Mama akamwita. Akamwita mara nne. Aliporudi kwenye hema kuuliza, akajibiwa kuwa nyumbani mwao kuna mtu asiye na imani.

Nimeisoma Marko 7 mara nyingi tangu aniambie hayo. Watu wanamletea Yesu kiziwi mwenye utasi, na kitu cha kwanza anachofanya ni kumtoa kwenye umati. Faraghani. Halafu haanzi na maneno. Anatia vidole masikioni mwake, anatema mate, anamgusa ulimi, anatazama mbinguni, anaugua. Mtu asiyesikia lolote angefuata kila hatua kwa macho: masikio yako, ulimi wako, msaada unatoka juu, nami nimeumia. Efatha, yaani funguka, inakuja mwisho kabisa. Sisi tumelishika lile neno la mwisho, mikono tukaitupa. Na pale uwanjani kila kitu kilifanyika kinyume chake, mbele ya watu, kwa spika, na kipimo cha uponyaji kikawa sauti.

Turudi kwenye kipaimara. Darasa letu ni Jumamosi asubuhi kwa miaka miwili, na msingi wake ni Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529: Amri Kumi, Imani, Baba Yetu, Ubatizo, Chakula cha Bwana. Rejesta inaonyesha binti hakukosa hata Jumamosi mbili katika miaka hiyo. Alikuwa anakuja na baiskeli ya marehemu babu yake, anaifunga kwenye mkorosho, anakaa benchi la nyuma. Mwalimu, dada mmoja mpole sana, alimpa Biblia "ajisomee" na alikuwa anamwekea alama ya tiki. Hakuna aliyemfundisha kitu. Sisemi alinyanyaswa. Alikuwa anapewa soda kama wenzake, hata kwenye safari ya mapango ya Amboni alikwenda. Alihudhuria kila kitu na hakuambiwa chochote, na hilo kwenye rejesta linaonekana kama mahudhurio mazuri.

Mtihani ulipokaribia ndipo tukashtuka, kwa sababu mtihani wetu ni wa kusimama na kutamka. Mwalimu anasema, "Amri ya nne?" Unaitaja. "Maana yake ni nini?" Unataja maana yake, neno kwa neno. Nikiufungua muhtasari wa kikao cha kwanza, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nakuta: "Ajenda ya 4: suala la mtoto bubu." Viziwi hawalitaki neno hilo na wana haki, yeye si bubu, ana lugha, sisi ndio tulikuwa hatuna. Lakini niliandika hivyo, na baraza likasaini.

Siku hiyo yalitolewa mawazo matatu. La kwanza lilikuwa asubiri, huenda Mungu atatenda. Hilo halikupata watu. La pili lilipendwa: avae gauni jeupe kama wenzake, awekewe mikono, apigwe picha na mama yake, ila zamu ya mkate ikifika mchungaji ampe baraka tu ampite. "Furaha yake itatimia," mmoja akasema, "na sisi hatutakuwa tumeichezea sakramenti." La tatu, lililoshinda kwa sababu lilikuwa rahisi, ni mtihani wa kuandika. Na huo mtihani wa kuandika ndio ukatuletea Mimi samehe dhambi.

Aliyetuzindua hakuwa Mlutheri. Mama alikuja na msichana wa Ngamiani, wa miaka ishirini na kitu, amejitanda ushungi, ambaye kaka yake ni kiziwi na amekua akiongea kwa mikono. Wawili hawa walijuana pale Deep Sea, kwenye chai. Aliingia ofisini akasalimia, "Shikamoo Mchungaji, shikamooni wazee," akaomba ile karatasi, akaisoma, akamgeukia binti akamuuliza swali lilelile kwa mikono.

Binti alijibu bila kufikiri sana. Alionyesha juu. Mkono ukashuka kutoka kule ukaja mpaka kifuani kwake. Kisha akakunjua kiganja cha kushoto na kukipangusa kwa cha kulia, polepole, mpaka kwenye ncha za vidole, kama mtu anayefuta unga.

"Anasema amesamehewa," msichana akatuambia. "Anayesamehe ni wa juu. Yeye ndiye anayefutwa. Nyie mmemsoma vibaya."

Kisha akatufafanulia jambo ambalo nadhani kila mwalimu wa kipaimara anapaswa kulijua. Kwa kiziwi aliyezibwa masikio mdogo, Kiswahili cha kuandikwa ni lugha ya pili, tena lugha ya pili ambayo hajawahi kuisikia. Sisi tunabandika kila kitu ndani ya kitenzi: nani, lini, kwa nani, na kama ametenda au ametendewa. Nimesamehe, nimesamehewa. Kwa mikono, nani amemtendea nani huonekana kwa mahali mkono ulipotoka na ulipoishia. Kwa kalamu ni herufi mbili mwishoni mwa neno, na mtoto aliyejifunza Kiswahili kwa kuangalia ubao ndizo anazoziacha kwanza. Nilirudi nyumbani nikiwa na herufi hizo kichwani. Wokovu wote wa Mlutheri umekaa kwenye hiyo -wa. Kwamba hukutenda, umetendewa. Binti aliijua kuliko mzee aliyemcheka, isipokuwa hakujua kuiandika.

Kikao cha pili kilikuwa kirefu na sitakisimulia chote. Hoja nzito ilikuwa ya Warumi 10:17, na aliyeileta hakuileta kwa ukorofi: "Basi imani, chanzo chake ni kusikia." Kama chanzo chake ni kusikia, akauliza, huyu imani ataipatia wapi? Watu walinyamaza. Mchungaji alifungua Biblia yake akasoma mstari unaofuata, ambao nina hakika wengi wetu hatujawahi kuusoma kwa kuwa huwa tunaishia pale panapotufaa. Paulo anauliza, je, hawakusikia? Na kujibu ananukuu Zaburi ya 19, sauti yao imeenea duniani mwote. Sauti ya nani? Mchungaji akarudi kwenye zaburi yenyewe. Ni mbingu ndizo zinazohubiri utukufu wa Mungu, na mstari wa tatu unasema: "Hakuna lugha wala maneno, sauti yao haisikilikani." Yaani Paulo, mara tu baada ya kusema imani huja kwa kusikia, shahidi anayemwita ni mhubiri asiye na sauti. Yule mzee aliuandika mstari huo kwenye kava la kitabu chake cha nyimbo. Hakusema kitu tena jioni ile.

Mchungaji alikuwa na kingine mkononi. Mwaka 1520, katika mahubiri yake juu ya Agano Jipya na misa, Luther aligusa swali hilihili: je, viziwi wapewe sakramenti? Kumbe kulikuwa na watu wa wakati wake waliowahurumia viziwi kwa kuwapa mkate usiowekwa wakfu, wao wakidhani wamepokea. Luther aliuita huo mzaha mbaya usiompendeza Mungu. Aliyewafanya wao kuwa Wakristo ni yuleyule aliyetufanya sisi, na wanastahili kile tunachostahili. Niliangalia muhtasari wangu wa kikao cha kwanza, wazo la pili, gauni jeupe na picha. Tulikuwa tumeubuni upya mzaha wa miaka mia tano iliyopita, na tukajipongeza kwa huruma.

Mzee mmoja wa Korogwe, ambaye huwa anaongea mwisho, akasema tu, "Mnasahau tulikotoka." Wengi hawakumwelewa, lakini mimi nilimwelewa. Misioni iliyojenga Mlalo mwaka 1891 na kuleta Ulutheri Usambara ilihamishia makao yake Bethel, karibu na Bielefeld kule Ujerumani, mwaka 1906. Bethel ilianza mwaka 1867 kama nyumba ya wagonjwa wa kifafa, na wagonjwa hao walikuwa wanaabudu kanisa moja na waliowahudumia. Watumishi wa kutoka Bethel hiyohiyo ndio waliohudumu kwenye makao ya wagonjwa wa akili yaliyofunguliwa kule Lutindi, milima ya Korogwe, mwanzoni mwa karne ya 20, na hospitali ipo mpaka leo. Kanisa ambalo mama yake ni nyumba ya wenye kifafa lilikuwa linashindwa kumpa nafasi mtoto mmoja asiyesikia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo ipo, lakini hakuna aliyeitaja, na sidhani kama ingemsogeza mtu yeyote mle ndani. Lutindi iliwasogeza.

Tukaamua afundishwe upya miezi mitano, kwa lugha yake, na mkalimani awe yule msichana wa Ngamiani. Hapo pakazuka kingine. "Imani ya Mitume ipite kwenye mikono ya Mwislamu?" Mama mmoja wa umoja wa wanawake akamjibu palepale, "Baba, mkate unaoombewa pale mezani unga wake unanunuliwa duka la nani?" Watu wakacheka, safari hii kwa wema. Mchungaji akaongeza kwamba mmisionari Krapf alipokuwa anatafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili kule Mombasa mwaka 1844, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji. Ikapita.

Nilihudhuria masomo hayo karibu yote, kwa kisingizio cha kuandika taarifa. Yalikuwa Alhamisi jioni, chini ya mkorosho. Mkalimani alikuwa mgumu kuliko mwalimu yeyote wa kipaimara niliyewahi kumwona, kwa sababu hakuweza kutafsiri kitu asichokielewa, na sisi tulikuwa na maneno mengi tunayoyatamka bila kuyaelewa. "Ushirika wa watakatifu, ndio nini? Ni watu waliokufa au walio hai?" Mwinjilisti akaanza kueleza, akakwama, akaomba aje na jibu Alhamisi ijayo. "Neema na huruma ni kitu kimoja?" Kwa Kiswahili tunaweza kuyataja yote mawili kwa mkupuo na sala ikapendeza. Mikono haikubali. Ramadhani ikaingia humo katikati, akawa anafundisha akiwa amefunga, anatazama saa, adhana ikisikika kutoka upande wa pili wa barabara anatoa tende kwenye mkoba, anampa na binti.

Jumapili mkalimani akaanza kusimama kanisani wakati wa mahubiri. Tulimweka mbele kulia, tukaona tumempa heshima. Wiki ya pili binti akalalamika haoni. Dirisha kubwa lilikuwa nyuma ya mkalimani, jua la asubuhi linaingia, na kutoka kwenye mabenchi uso na mikono yake vilikuwa kivuli kitupu. Sisi tunaosikia tulikaa Jumapili mbili bila kujua. Tukamhamishia kushoto, kwenye ukuta mtupu. Tukagundua na kingine. Mchungaji akisema "tufumbe macho tuombe", wote tunainama, na kwa binti maombi yanakuwa yameishia hapo. Kufumba macho kwake ni kuzimiwa taa. Sasa yeye anaomba macho wazi, na mwanzoni watoto wa shule ya Jumapili walimsengenya kwamba haombi. Mambo ya Walawi yanasema usimlaani kiziwi. Nilikuwa nashangaa kwa nini agizo hilo liandikwe, nani atamlaani mtu asiyesikia? Kumbe ndiyo sababu. Ni rahisi, hakujibu.

Nitaje na spika. Watu wema wawili watatu walipendekeza akae karibu na spika kubwa ya kwaya ili "ahisi nyimbo". Alikaa hapo mwezi mzima kwa adabu. Mkalimani alipomuuliza, akajibu inampa kichwa kuuma.

Jambo ambalo hatukulitarajia lilitoka benchi la nyuma. Kuna fundi baiskeli wa Mikanjuni, mtu wa makamo, alikuwa anasali kwetu miaka kumi na mmoja. Tulimjua kama mtu mkimya. Wengine walimwona ana majivuno, ukimwambia "Bwana Yesu asifiwe" anatikisa kichwa anapita. Mkalimani alipoanza kusimama, fundi alisogea benchi moja mbele. Jumapili iliyofuata, mawili. Mwezi haujaisha amekaa benchi la kwanza, karibu na binti, na baada ya ibada walikuwa uani mikono inaruka, anacheka mpaka anajishika mbavu. Miaka kumi na mmoja hakuna aliyejua kwamba ni kiziwi. Hakupata kipaimara utotoni kwao Lushoto, na kwa hiyo kila mkate ulipowekwa mezani alikuwa anatoka. Tulidhani anakwenda kuangalia baiskeli yake. Alipojua yale masomo ya Alhamisi ni ya nini, alimshika mkalimani bega akajionyesha kidole kifuani: na mimi?

Kuanzia hapo masomo yalikuwa na wanafunzi wawili, na huyu wa pili ndiye aliyetuletea alama ya jina la Yesu. Binti alikuwa anaandika herufi zake moja moja kwa vidole. Fundi akamwonyesha ile inayotumiwa na viziwi wa nchi nyingi: ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja inagusa kiganja cha mwingine, kisha upande wa pili. Misumari. Mikono yake ina grisi isiyotoka kwenye mikunjo, na kila alipotaja jina hilo alama ya kidole ilikuwa inabaki kiganjani. Mwinjilisti aliacha somo la siku hiyo akafungua Yohana 20, Tomaso anapoambiwa atazame mikono. Mwili uliofufuka, mwili wa utukufu, bado una matundu, na kwa matundu hayo anatambulika.

Nalisema kwa sababu ya swali la mwisho la mtihani, ambalo halikuwa kwenye mtaala. Mtihani ulifanyika mbele ya baraza, dakika arobaini, kwa mikono, na binti alijibu vizuri. Yule mzee aliyemcheka mara ya kwanza aliomba kuuliza moja la kwake. Nadhani alitaka kumaliza kwa Isaya 35, masikio ya viziwi yatazibuliwa. Akauliza kwa upole, "Mwanangu, ukifika mbinguni, kitu gani cha kwanza utafurahi kukipata?" Sote tulijua jibu.

Binti alifikiri. Akamwonyesha mama yake aliyekaa pembeni ya mlango, kisha akainua mikono miwili akaichezesha hewani, akarudi kumwonyesha mama. Mama akatabasamu akaitikia kwa kichwa, kama anavyofanya siku zote asipoelewa. Mkalimani alichelewa kidogo kutafsiri. "Anasema, mama atajua alama."

Miaka kumi na mmoja nyumba moja, na waliongea kwa kuonyeshana sufuria na saa. Mama alijifunika uso kwa kanga. Mimi kalamu niliiweka chini.

Sitaki jibu hilo ligeuzwe kuwa hubiri kwamba viziwi hawataki kusikia. Miezi baadaye nilimuuliza mwenyewe, kupitia mkalimani, kama angependa. Akasema labda, kwa sababu ya bodaboda. Akiwa kwenye baiskeli zinamtokea nyuma bila yeye kujua. Isaya yupo pale na ahadi yake haijafutwa. Ila sisi tulikuwa tumeiweka ahadi yote masikioni mwake, na upande uliokuwa wa kwetu kufunguka tukautunzia mbinguni.

Siku ya kubarikiwa mkalimani alikataa kupanda ngazi za altare. "Pale juu ni kwenu, Mchungaji. Mimi nitaishia hapa." Lakini binti akipiga magoti kuelekea altare anampa mkalimani mgongo, na tulikuwa tumelisahau hilo kabisa. Mchungaji hakuwa amelisahau. Mstari ulipofika kwake, alimkabidhi mwinjilisti sahani ya mkate ili mikono yake iwe huru. Akagusa kiganja kimoja, akagusa cha pili. Akajipapasa kifua, mwili. Akamwonyesha binti kwa kidole, wewe. Kisha akachukua mkate akampa. Kwa kikombe akarudia. Ilichukua muda, watu nyuma walikuwa wanajipanga upya, kwaya ikamaliza beti zote ikabidi ianze wimbo tena kutoka juu. Binti aliitikia Amina kwa sauti. Ilikuwa sauti yake ya utotoni, nzito na isiyo na mkato, na kuna mtoto aliyecheka.

Yaliyofuata hayakwenda sawa yote. Jumapili ileile mtu alitangaza harambee ya "kumsaidia mlemavu wetu" bila kumuuliza mama, na wengine wakawa wanamtia binti sarafu mkononi mlangoni. Ilibidi mama aseme, na alisema kwa ukali. Kikaja kikundi chenye mradi, kikapiga picha, kikaahidi mafunzo ya ukalimani kwa watu ishirini. Ni ule msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Mkalimani amepata kazi Dar es Salaam, amekwenda, na alikuwa na haki ya kwenda; nauli tuliyokuwa tunampa haikutosha hata vocha. Alhamisi sasa anafundisha fundi baiskeli. Wanafunzi ni watano: mama, mwalimu wa kipaimara, watoto wawili wa kwaya, na yule mzee, ambaye vidole vyake vina baridi yabisi na herufi R inamshinda. Kwenye ibada anayesimama ukutani ni mwalimu. Anakosea, na binti humsahihisha kutoka benchini, wakati mwingine katikati ya hubiri.

Fundi mwenyewe bado. Masomo alimaliza pamoja na binti, akafaulu, lakini kabla ya kubarikiwa panahitajika cheti cha ubatizo, na usharika aliobatizwa kule Lushoto umejibu kwamba kitabu cha miaka hiyo kimeliwa na mchwa. Nilipendekeza apewe sakramenti huku makaratasi yakiendelea kutafutwa, nikasoma tena yale maneno ya mwaka 1520. Tulipiga kura. Nilishindwa kwa kura mbili. Mojawapo ilikuwa ya mtu niliyekuwa na hakika naye. Barua ya pili, yenye majina ya mashahidi, imekwenda Lushoto wiki iliyopita. Kwa sasa anakaa benchi la kwanza, na mkate ukiwekwa mezani anainuka, anatoka nje, anakagua upepo kwenye baiskeli za watu.